Mawifi wa Meza ya Mihuri

Mtaa mzima ulijua kwamba ukitaka kadi ya kumchekesha mgonjwa, ya kumtania mstaafu, au ya kumwomba mtu msamaha bila kujishusha sana, uende kwa mawifi. Hukuwa na haja ya kuuliza mawifi gani. Ni ile nyumba yenye meza dirishani, na mezani wamekaa wanawake wawili, mmoja anacheka kabla hajasema, mwingine hacheki hata umtekenye. Anayecheka walimwita Bi Kadi. Asiyecheka walimwita Bi Muhuri, lakini hilo walimwita akiwa hayupo.

Kazi waligawana vizuri. Bi Kadi alitunga maneno na kuchora picha: mbuzi mwenye bendeji, kuku wawili waliofungwa kamba moja, mbwa aliyeng'ata kiatu cha mwenye nyumba. Bi Muhuri alichukua mpira, raba ya kufutia kama picha ni ndogo, soli ya ndala kuukuu kama ni kubwa, akachonga kwa kisu chembamba na kuugandisha kwenye kibao kwa gundi. Hapo Bi Kadi aligonga kwenye pedi ya wino, akagonga kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa, na kadi ikawa kadi. Zilianikwa kwenye kamba iliyopita katikati ya chumba, kwa hiyo kila aliyeingia ilibidi ainame, na wengi walianza kucheka wakiwa bado wameinama.

Biashara yenyewe ilianza kwa kosa. Bi Muhuri alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika duka la kuchonga mihuri ya ofisi, ile ya IMEPOKELEWA na NAKALA na SIRI, mpaka siku ilipoletwa mashine isiyoumwa mgongo, naye akaambiwa ahsante. Akarudi nyumbani na visu vyake na uso umemkunjamana, akawa anakaa tu. Ndipo jirani mmoja akavunjika mguu. Bi Kadi alitaka kumpelekea kadi, akamwomba wifi yake amchongee neno POLE. Akaligonga, wino haukukolea. Akaligonga tena pembeni kidogo, na sasa yote mawili yakasomeka: POLE POLE. Hebu fikiria, mtu amelala na plasta mpaka kiunoni, hawezi hata kujigeuza, anafungua kadi anaambiwa aende pole pole. Jirani alicheka mpaka mkewe akaja mbio akidhani anakata roho. Kesho yake watu wakaanza kuuliza zile kadi zinatoka wapi.

Tangu hapo hawakukaa tena bure. Yule mbuzi wa bendeji aliandikiwa UPONE BASI, UMETUCHOSHA. Kuku wa kamba moja walikwenda kwa maharusi: POLE NA HONGERA. Mbwa na kiatu chake alikuwa wa kuombea radhi: NISAMEHE. ILA NA WEWE UMEZIDI. Iliyotia fora ilikuwa ya kuku mwenye antena kichwani, WIFI, UKIKATIKA NYUMBA NZIMA INANUNA, ambayo Bi Kadi aliitunga makusudi kumchokoza mwenzake. Bi Muhuri aliichonga mpaka nukta ya mwisho bila kusema lolote, akaiweka mezani, halafu akatoa pumzi kwa pua. Hicho ndicho kilikuwa kicheko chake. Pua ile ndiyo iliyoamua kila kitu mezani pale. Ikinyamaza, kadi haitengenezwi, hata Bi Kadi aililie.

Sasa, aliyewafanya wawe mawifi alikuwa seremala, mdogo wake Bi Muhuri na mume wa Bi Kadi, mtu mwema, ambaye kila akiwakatia vile vibao vya mihuri alilalamika kwamba yeye amesomea makabati. Alikufa kwa homa ambayo siku ya kwanza wote waliichukulia mzaha. Hakuacha mtoto. Baada ya msiba ndugu walikaa, wakaanza kuyazungusha maneno: kwamba mjane bado ana nguvu zake, kwamba na kwao pia kupo, kwamba nyumba ni ya ukoo. Bi Muhuri, ambaye hakuolewa, na yeyote aliyethubutu kumwuliza sababu alijuta, aliwatazama mmoja mmoja. Akasema wifi yake haendi popote, na anayetaka chumba akajenge. Mazungumzo yakaishia hapo, watu wakanywa chai.

Bi Kadi hakuusahau wema ule. Wazazi wake walikwishatangulia, na ndugu zake walikuwa wametawanyika, kila mmoja na lake. Aliyebaki naye duniani ni huyu mmoja, aliyemwita wifi toka asubuhi mpaka jioni. Wifi, wino. Wifi, umefunga mlango? Wifi, huyo mbuzi wako ana miguu mitano. Hata jina alilopewa na mama yake alikuwa halisikii tena, na wala hakulikumbuka sana.

Halafu akaja fundi saa.

Kibanda chake kilikuwa pale kwenye kona, karibu na duka la dawa. Alikuwa mgane, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mtu wa maneno machache. Aliinama chini ya kamba, akazisoma kadi zote moja baada ya nyingine, mikono nyuma, uso mkavu, mpaka Bi Kadi akamhesabu kuwa ni wa ukoo wa Bi Muhuri. Alipofika kwa mbwa na kiatu aliangua kicheko, akashika mlango asianguke. Shida yake, alieleza alipopata pumzi, ni wateja. Wanaleta saa zao, wanaagiza zitengenezwe haraka haraka, kisha wanazitelekeza. Alitaka kitu cha kuwakumbusha kisichowaudhi. Bi Kadi akamwuliza hizo saa zenyewe zinajisikiaje. Fundi akafikiri kweli kweli, akajibu kwamba anaona zinajisikia vibaya. Hapo hapo Bi Kadi akachora saa yenye uso wa huzuni na chini yake akaandika: NIMEPONA. MBONA HUJI KUNICHUKUA? Pua ya Bi Muhuri ikatoa pumzi.

Zile kadi zilifanya kazi. Watu walikuja kibandani kwa aibu zao kuchukua saa. Fundi akarudi kuagiza nyingine, akarudi tena, na baadaye akawa anarudi bila kuagiza kitu. Watu wengi walimpenda Bi Kadi kwa vichekesho vyake. Walicheka, wakalipa, wakaondoka. Huyu alicheka, kisha akamwuliza alichokuwa anataka kusema. Swali hilo Bi Kadi hakuwahi kuulizwa na mtu, na mara ya kwanza alilikwepa kwa mzaha. Mara ya pili alijibu, wakakaa kibandani wakizungumza mpaka mteja akagonga dirisha. Alimpenda yule mtu, hakuna haja ya kuficha. Alimpenda na alijishangaa.

Siku aliyompelekea fungu jipya la kadi, fundi alitoa ile lenzi aliyobana jichoni, akaifuta, akaiweka mezani. Akasema kwamba angependa wawe mume na mke, kama yeye Bi Kadi ataona inafaa. Bi Kadi akafungua mdomo atoe mzaha, na mzaha haukuja. Akasema ndiyo. Fundi alisema atakuja Jumapili kuongea na wifi yake kwa heshima zote, maana yule ndiye mkubwa wa nyumba, ila asingependa amkute hajui lolote. Nani atamwambia? Bi Kadi akajibu kwamba atamwambia mwenyewe.

Njia nzima alirudi na moyo mweupe. Alipoona lile dirisha na kile kichwa kilichoinamia kisu, furaha yote ikamshuka miguuni.

Si kwamba aliogopa kufokewa. Kufokewa na Bi Muhuri alikuwa amezoea. Aliogopa kitu kimoja, nacho kilikuwa wazi, hakihitaji mtu asome sana kukijua: wifi yako ni dada wa mume wako. Ukipata mume mwingine, wifi naye anakuwa mwingine. Siku atakapotoka mle ndani kwenda kwa fundi saa, yule mwanamke atakuwa nani wake? Dada wa marehemu mumewe. Jina refu namna hiyo nani atalitumia kuombea chumvi? Na baada ya kukingiwa kifua mbele ya ndugu wote, yeye ndiye anayefungua mlango na kuondoka. Alijiona mtu mbaya, na bado alimtaka fundi saa, na mambo hayo mawili yalikataa kukaa pamoja kifuani.

Alijaribu kusema. Wakiwa kwenye chai alianza kwamba, wifi, unajua yule fundi saa, na Bi Muhuri akadakia kwamba anamjua, kifungo chake cha pili kimelegea. Basi habari ikafia hapo. Wakiwa wanafagia alikohoa, akajikaza, akatamka kwamba naona lile bati limeanza kuvuja. Bi Kadi alikuwa na kasoro hiyo, kwamba jambo zito halimtoki mdomoni mpaka alitilie mbuzi. Na kwa hili hakumpata mbuzi wa kufaa.

Mwisho akaamua: itakuwa kadi. Akapekua mihuri yote sandukuni, mamia ya maneno, hakuna hata mmoja uliosema anachotaka kusema. Akajaribu kuandika kwa kalamu, lakini maneno yale yalimkodolea macho, akaichana karatasi. Hapana, ni muhuri. Lakini muhuri una mchongaji mmoja tu nyumba nzima, na mchongaji huyo ndiye anayetakiwa kupewa habari. Sasa utafanyaje? Umpe mtu kisu akuchongee maneno ya kumuumiza, halafu umwambie haya, jifanye hujayaona?

Ijumaa asubuhi Bi Muhuri alikwenda kuchukua miwani yake mipya. Alipokata kona tu, Bi Kadi alikaa kwenye kiti chake, akachagua soli nzuri ya ndala, akaandika juu yake kwa kalamu: WIFI, NINAOLEWA. USINIACHE. Akashika kisu. Kumbe kazi ile aliyoitazama miaka yote haikuwa rahisi hata kidogo. Mpira ulijivuta, kisu kiliteleza, W ilikataa, S ilimkata kidole gumba. Akafunga kidole kitambaa, akaendelea, jasho linamtoka, ulimi nje. Alipomaliza aliitazama soli ile, herufi zimesimama wima na zinasomeka vizuri kabisa, akajisifu moyoni. Akabandika kwenye kibao, akagonga kwenye wino, akagonga kwenye kadi, akainua.

Alikaa akiitazama.

Kila kitu kilikuwa kimegeuka. Neno la mwisho lilikuwa mwanzo, na E zote zilitazama kule zisikopaswa kutazama. Muhuri huchongwa kinyume ili usomeke sawa, hilo hata paka wa nyumba ile alilijua. Na yeye, aliyekaa ubavuni mwa kisu kile miaka nenda rudi, alikuwa amezichonga herufi zimesimama kama za gazetini. Bi Kadi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na huko sakafuni kile kicheko kikageuka, akajikuta analia.

Mlango wa uani ukalia. Akaruka, akautupa muhuri kwenye kiroba cha mabaki ya mpira, kadi akaichomeka katikati ya rundo la kadi tupu, akajifuta uso. Bi Muhuri aliingia amevaa miwani mipya na amekasirika, kwa sababu daktari amemwambia apumzishe macho, na macho ni yake si ya daktari. Alikaa. Akaona rundo la kadi halikupangwa vizuri, na yeye hakuwahi kuvumilia rundo lililokaa shaghalabaghala. Akalinyanyua, akaligongagonga mezani kulinyoosha, na kadi moja yenye wino ikachomoza.

Bi Kadi alijituliza. Ile kadi haisomeki. Ukiitazama ni michoro tu, vijiti na mikunjo, hakuna mtu duniani anayeweza kuisoma bila kioo. Hakuna mtu. Kisha akakumbuka iko mkononi mwa nani.

Maana Bi Muhuri alikuwa ameishi na maneno yaliyogeuzwa muda mrefu hata kwake yeye hakukuwa tena na kinyume. Gari la wagonjwa likipita, lile neno la usoni lililogeuzwa ili wenye vioo walisome, yeye alilisoma kama bango la dukani. Hakuinamisha kichwa, hakusogeza kadi mwangani. Macho yake yalianzia upande wa kulia yakaenda kushoto, mstari wa kwanza, mstari wa pili, bila haraka. Akaiweka kadi mezani.

"Hukugeuza," alisema. "Herufi zenyewe si mbaya."

Akavua miwani, akaingia chumbani kwake.

Alitoka wakati wa kupika, akakatakata vitunguu kama kawaida, akala kama kawaida. Hakununa wala hakufoka. Bi Kadi alisubiri aulizwe, hakuulizwa. Ilimchukua muda kugundua kilichopungua. Leta maji, alisema Bi Muhuri. Funga mlango. Chumvi imezidi. Asubuhi yake, wakiwa mezani: wino umeisha. Sogeza kiti. Maneno yote yalikuwa yale yale ya kila siku, ila lile moja lililokuwa linayatangulia halikuwapo. Bi Kadi alitega sikio asubuhi nzima, kila sentensi, akingoja. Wifi ilikuwa imetoka ndani ya nyumba. Angetukanwa ingemuuma kidogo kuliko hivi, maana alielewa kwamba kwa mwenzake yeye alikwishahama.

Mchana wa Jumamosi hakuweza tena. Bi Muhuri alikuwa anachonga, amempa mgongo nusu.

"Nitamwambia asije," alisema Bi Kadi.

Kisu kiliendelea kidogo, kikasimama. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Lakini hata kuniita huniiti tena. Tangu jana. Siwezi kukaa hivi. Kama kuolewa ndiyo kukupoteza wewe, basi siolewi, yaishe."

Haikuwa na mbuzi, haikuwa na kuku. Bi Kadi mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake ikisema jambo likiwa uchi namna ile.

Bi Muhuri aligeuza kiti. Alivua ile miwani, akaishika mapajani, na bila miwani macho yake yalionekana hayakulala.

"Nitakuitaje?" aliuliza. "Niambie. Usiku kucha nimelitafuta hilo neno. Wewe ukishakuwa mke wa yule bwana, wifi yako ni dada yake. Mimi nitakuwa nani? Jirani? Shoga? Mimi sina mashoga, sijawahi kuwa nao, sijui hata wanafanyaje. Kila nikifungua mdomo nikuite, nasema labda leo nizoee. Siwezi kuzoea. Basi nikawa naliacha."

Bi Kadi akasogeza kiti chake karibu. Kumbe. Kumbe siku zote hizo alizokuwa anazunguka na bati linalovuja, alidhani hofu ile ni yake peke yake.

"Nilifikiri umenikasirikia," alisema.

"Nimekasirika. Umechukua kisu changu, umekirudisha butu." Alivuta pumzi. "Lakini si kwa kuolewa. Mdogo wangu alikuwa mtu mwema, na amekufa. Wewe hujafa. Ningekuwa na akili ningekuwa nimekutafutia mume mimi mwenyewe, ila nilikuwa nakutaka hapa, nikajifanya sioni yule bwana anafuata nini. Mtu gani anakuja kununua kadi halafu anaondoka bila kadi?"

Bi Kadi akacheka huku machozi yanamtoka, akajipangusa kwa kile kidole chenye kitambaa. Akasema kwamba hataki kwenda mbali, ni pale kwenye kona tu, kila asubuhi atakuwa mezani kama kawaida. Bi Muhuri akajibu kwamba hata mfanyakazi huja kila asubuhi. Si hilo analouliza. Jambo lenyewe halikuwa limeisha, na wote wawili walijua; walikuwa wamelikalia tu pande zote mbili. Baadaye Bi Muhuri alirudisha miwani puani.

"Mwambie aje kama mlivyopanga," alisema. "Nina swali la kumwuliza."

"Swali gani?"

"Nitamwuliza yeye."

Na bado hakusema wifi.

Jumapili fundi saa alifika mchana, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Kifungo cha pili kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine. Aliinama chini ya kamba, akasahau kwamba ameshapita, akabaki ameinama mpaka Bi Kadi akamwonyesha kiti. Bi Kadi mwenyewe alisimama karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa amelala vibaya akilipigia ramli lile swali. Labda fundi ataulizwa habari za mkewe wa kwanza. Labda ataulizwa anakunywa nini na wapi. Alimfahamu Bi Muhuri. Mtu yule angeweza kumwuliza mgeni swali la kumfanya aache kiti na kofia yake.

Fundi alikuwa amejiandaa. Alisema amekuja kwa heshima, na kwamba yeye ni mtu wa kawaida mwenye kibanda na afya. Alisema anajua anamtoa nani na katika nyumba ya nani. Hakubahatika kumfahamu marehemu, ila amesikia habari zake, na hana nia ya kukaa mahali pake, maana mahali pa mtu ni pake. Alisema anaomba ridhaa, na kama kuna lolote la kumwuliza, yuko tayari, aulizwe.

Bi Muhuri alimsikiliza mpaka mwisho, miwani usoni, mikono mapajani. Hakutikisa kichwa wala hakuguna. Fundi alianza kuangalia vifungo vyake.

"Una dada?" aliuliza Bi Muhuri.

Fundi alikuwa amejitayarisha kwa maswali yote isipokuwa hilo. Alimtazama Bi Kadi apate msaada, na Bi Kadi hakuwa na msaada wowote.

"Sina, mama," alijibu. "Tulizaliwa wanaume watupu."

"Hata wa baba mdogo? Hata wa mbali?"

"Hata wa mbali. Marehemu mama alikuwa akilalamika sana kwa hilo."

Bi Muhuri akasimama. Akamsogelea yule mtu mzima aliyekaa ukingoni mwa kiti, akaiweka vizuri kola ya shati lake, kwa nguvu kidogo, jinsi mtu anavyomtengeneza mdogo wake kabla hajatoka mbele za watu.

"Basi leo umempata," alisema. "Ni mimi. Na usihangaike kukataa, sijakuuliza."

Fundi saa alifungua mdomo, akaufunga, akasema ahsante dada. Bi Muhuri akageuka kuelekea mlango wa jikoni.

"Wifi," alisema, "mbona kaka yangu hajapewa hata maji?"

Bi Kadi alisema anakuja nayo sasa hivi. Aliingia jikoni kuchukua glasi, na ilibidi wamsubiri ajifute uso kwanza.